Zana za Mashoto

Jumamosi, saa mbili, nimetandika gunia
kando ya Barabara ya Ngong, pale vitanda
vinapopangwa nje vikisubiri maharusi.
Patasi saba, ya nane sijui iliko.
Keekee ya kuzungusha ukiiegemeza kifuani.
Jiriwa mbili, msumeno wa mgongo wa shaba,
kinoo kilichobonyea katikati kama godoro la mgonjwa,
na randa tatu, pua zikitazama ukuta.

Mama Sitawa alinipa orodha kwenye karatasi ya daftari:
upande mmoja bei,
upande wa pili hesabu za mtoto, zimesahihishwa.
"Usiuze kwa huruma," aliniambia.
"Huruma wameshaileta. Ilikuja na sufuria,
ikala, ikaenda. Wewe uza kwa bei."

Wa kwanza kufika alifika na mizani.
Anataka vyote, kwa kilo, bei ya chuma chakavu.
Akanyanyua patasi kama samaki aliyeshikwa mkia.
Bwana, nikamwambia, hii imekula mvule na mkangazi
tangu wewe hujaota meno.
Akacheka: "Chuma hakina kumbukumbu."
Kweli.
Lakini mpini ni mti.

Wa pili akadai msumeno ni wake,
alimwazima marehemu mwaka ule wa mafuriko.
Nikaugeuza. Herufi zake zipo,
zimechomwa mpinini kwa msumari wa moto.
Nikampa. Akasimama nao, akapitisha kidole menoni,
akatoa mia tano, akaiweka juu ya gunia.
"Ya makali," akasema. "Mimi sikuwahi kuunoa hivi."

Jua lilipokaa utosini
wakaja mafundi wa Kawangware kujaribu randa.
Kila mmoja alisukuma mara moja, akakunja uso:
inakwenda upande, inang'ata, ina ukaidi.
Haina ukaidi. Lubanga alikuwa mashoto.
Miaka thelathini na mmoja gumba lake la kushoto
lilichimba kishimo kwenye mti wa randa,
kishimo cha kutosha kijiko cha chai,
na mkono wa kulia hauna pa kukaa humo.

Mimi alinifundisha tukitazamana,
yeye kushoto, mimi kulia, ubao katikati yetu.
"Nifuate kama kioo," alisema.
Mwaka mzima kioo kilijua kuokota maranda tu
na kuyapeleka kwa wafuga kuku.

Penseli haimo kwenye orodha.
Alizikwa nayo, sikio la kushoto.
Mhudumu wa mochari aliitoa mara mbili
na mara mbili Mama Sitawa akairudisha
bila kusema neno.

Kufikia saa kumi zimekwenda patasi sita,
keekee, jiriwa zote, hata kopo la misumari iliyonyooshwa
(hakununua mpya maadamu wa zamani unakubali nyundo).
Elfu kumi na nane na mia tatu.
Karo ya Sitawa imo. Kodi ya mwezi mmoja imo.
Mwezi wa pili haumo.

Nakunja gunia, akatokea msichana
mwenye ovaroli ya chuo cha ufundi, imemzidi mabega.
Akachukua randa ndogo bila kuuliza,
kwa mkono wa kushoto.
Gumba likaingia.
Akasukuma juu ya kipande cha saipresi
na randa ikatema utepe mmoja, mrefu, mwembamba,
ukajikunja hadi kwenye kiatu chake.
"Bei gani?"
Elfu mbili na mia tano.
Alikuwa na mia tisa, na nauli.

Usiuze kwa huruma.

Nimeandika, kwa mwandiko wangu mbovu:
randa ndogo, elfu mbili na mia tano, imelipwa.
Mia tisa ni zake. Elfu moja na mia sita ni zangu,
nami sina, mpaka mwenye meza kule Kasarani alipe.
Nikaigeuza karatasi kuikunja.
Hesabu ya mtoto ilikuwa ya kutoa,
na mwalimu ameandika pembeni, kwa wino mwekundu:
Umesahau kukopa.